Matairi ya theluji kwenye jua la Pakwach

Magari mengi ya mitumba tunayonunua Kampala yanatoka Japani, na Japani ni nchi ndefu. Kusini kuna joto. Kaskazini, kisiwa cha Hokkaido, theluji hulala miezi kadhaa. Gari likiuzwa kule wakati wa baridi, linaondoka na matairi yake ya baridi. Linapandishwa melini, linashushwa Mombasa au Dar es Salaam, linavushwa mpaka, linaoshwa, matairi yanapakwa dawa yang'ae, kisha linasimama kwenye bondi, yadi ya kuuzia magari, likimngoja mtu. Hakuna anayehangaika kubadilisha matairi njiani. Ahangaike kwa nini, wakati mnunuzi anauliza injini, gia na rangi?

Subaru Forester yangu ilikuja hivyo. Mimi ni mfanyabiashara wa vitenge na vyombo. Nachukua mzigo Kikuubo, soko la jumla la Kampala, napeleka Arua, na mara nyingine naingia ndani vijijini kwa wateja wa mkopo. Nilikuwa nimechoka kulipia mizigo kwenye basi na kugombana na makuli, nikakusanya akiba, nikakopa kidogo kwenye chama chetu cha akina mama, nikanunua gari. Shemeji yangu, ambaye nyumbani ndiye mtaalamu wetu wa magari, alinisindikiza. Alisikiliza injini, akalala chini kutafuta mafuta yanayovuja, akapapasa matairi, akatabasamu.

"Shemeji, hizi tairi ni za Japani yenyewe. Ona meno yalivyo marefu! Hata kwenye tope la kwetu utapita."

Muuzaji akadakia kwamba matairi peke yake yana thamani ya shilingi milioni moja za Uganda, kwa hiyo bei haishuki. Na kweli haikushuka.

Tairi la theluji linadanganya macho ya mtu wa huku. Meno yake ni marefu, yamekatwa mikato myembamba mingi kila upande, na ukilibonyeza kwa ukucha linabonyea. Sisi tukiona meno marefu tunafikiria matope, tukigusa mpira laini tunafikiria upya. Vyote viwili vimewekwa pale kwa kazi nyingine kabisa: kushika barafu.

Dalili zilianza barabarani kabla sijajua jina la ugonjwa. Gari lilikuwa zuri mjini. Lakini baada ya Luweero, barabara inaponyooka na mwendo kupanda, nikasikia usukani haunijibu. Nikiukata kidogo, gari linafikiri kwanza, ndipo linageuka. Kwenye kona lilikuwa linayumba kama limevaa malapa. Nilidhani ni mzigo. Nikapunguza mzigo, hali ikabaki ileile. Fundi mmoja wa Kampala akaniambia ni shokabu, nikabadilisha shokabu za nyuma, na fedha hiyo sitaizungumzia kwa sababu bado inaniuma.

Kilichonitisha ni Karuma. Wanaopita kule wanajua nyani wanavyokaa kando ya barabara wakingoja watu wawarushie ndizi. Mvua ilikuwa imeanza, ile ya kwanza baada ya kiangazi, ambayo haioshi lami bali inachanganya vumbi na mafuta ya malori mpaka barabara inateleza kuliko sabuni. Nyani akakatiza. Nikafunga breki. Mwendo wangu haukuwa mkubwa, na nilitarajia gari lisimame mahali fulani. Likapita mahali hapo, likaendelea kuserereka, likasimama mbele zaidi. Nyani aliokoka kwa miguu yake mwenyewe, si kwa breki zangu. Nikakaa pale na mikono inatetemeka, mwenye lori nyuma ananipigia honi.

Halafu ikaja Februari. Pakwach iko chini, kando ya Nile, na kiangazi joto lake hupita nyuzi 35 kivulini. Lami yenyewe huwa na joto zaidi ya hapo kwa mbali. Mwezi ule matairi yalianza kulika mbele ya macho yangu, hasa kingo za nje. Nilipoingia kwenye barabara za udongo za Zombo, kokoto zikaanza kumega vipande vya meno. Nikifika nyumbani nikizunguka gari naona mapengo mapya.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja wa pancha hapa Arua. Nilimpelekea tairi lenye msumari, akalizungusha, akapangusa vumbi ubavuni kwa kitambaa, akaniita.

"Mama, soma hapa."

Nikasoma: STUDLESS. Chini yake, baada ya vipimo, kulikuwa na 99Q.

"Hii si tairi ya huku. Hii ni ya barafu. Nimeziona nyingi kwenye gari za watu, wanakuja kulalamika zimeisha haraka."

"Lakini mzee, meno si marefu?"

"Marefu ndiyo. Lakini kwenye joto yanalala. Sukuma uone."

Akasukuma jino moja kwa kidole gumba, likainama upande. Nikamuuliza kwa nini muuzaji hakuniambia. Akacheka tu.

Usiku ule nilimpigia dada yangu aliyeko Montréal, kwa sababu nilikumbuka huwa anapiga kelele kila mwaka kuhusu kubadilisha matairi. Kule Québec si hiari: sheria inataka gari liwe na matairi ya baridi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi. Watu wana seti mbili, moja gari inatembelea, nyingine iko stoo. Akanieleza alivyoelezwa yeye na gereji yake, na baadaye nilipouliza mafundi wengine nikaona maelezo yanalingana.

Mpira wa tairi haubaki na ulaini uleule siku zote. Tairi la kiangazi limechanganywa ili liwe imara kwenye joto, na hali ya hewa ikishuka chini ya nyuzi 7 hivi linakakamaa, linateleza. Tairi la baridi limechanganywa kinyume: linabaki laini hata chini ya sifuri, na ile mikato myembamba inang'ata barafu. Lipeleke kwenye lami ya moto, ulaini ule unageuka kuwa ulegevu. Meno yanacheza, gari linachelewa kugeuka, breki zinakuwa ndefu, na mpira unakwisha upesi. Tairi la misimu yote limekaa katikati: linavumilia joto, linavumilia baridi ya wastani, wala si bingwa wa upande wowote. Kule Québec, wakati wa ile miezi, tairi la namna hiyo lisilo na alama ya theluji halihesabiwi kuwa la baridi.

Nikajiuliza, sisi nyuzi 7 tunazipata wapi? Kabale ndiyo tunayoiogopa kwa baridi, na alfajiri yake huzungukia nyuzi 10 hivi. Zombo kwenye kahawa tunavaa makoti, lakini maji hayagandi. Barafu ya Uganda iko juu kabisa Rwenzori, na huko hakuna anayekwenda na Forester. Kwa hiyo tairi la baridi halina siku hata moja ya kazi katika nchi hii, na kwa magari yetu hilo halihitaji mjadala. Mjadala uko kati ya yale mengine.

Kuhusu lile neno STUDLESS, nilikuja kuelewa kwa nini linajaa kwenye magari ya Japani. Zamani Wajapani wa kaskazini walitumia matairi yenye misumari ya chuma. Misumari ikawa inasaga lami, na vumbi lake likawa tatizo la afya mijini, mpaka mwaka 1990 ikapitishwa sheria ya kuyaondoa. Viwanda vikajikita katika mpira laini usio na misumari. Bridgestone walikuwa tayari wametoa Blizzak mwaka 1988, yenye mpira uliojaa vitundu vidogo vya kunyonya maji yaliyo juu ya barafu. Ni kazi ya akili sana. Kwenye daraja la Pakwach saa nane mchana haina maana yoyote.

Kwa hiyo ukienda bondi, chuchumaa usome ubavu wa tairi. Tafuta neno STUDLESS. Tafuta mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Angalia herufi ya mwisho kwenye vipimo: Q maana yake tairi limepimwa kwa kilomita 160 kwa saa, na kwenye magari ya aina hii mara nyingi inaashiria la baridi, matairi ya kawaida ya gari hilohilo huwa na H, yaani 210, au V, yaani 240. Hakuna anayekwenda mwendo huo huku, lakini herufi hiyo inakupa habari kuhusu tairi linavyostahimili joto. Tahadhari moja: mchoro wa mlima peke yake usikufanye ukimbie, kwa sababu yako matairi ya njia mbaya, yale ya A/T, ambayo nayo yamefaulu jaribio la theluji na yanaubeba, na huku yanafaa vizuri. Na M+S, yaani matope na theluji, haithibitishi lolote. Ni kiwanda kinasema chenyewe kuhusu umbo la meno, hakuna jaribio. Utaikuta kwenye matairi ya baridi, ya misimu yote na ya njia mbaya. Muuzaji mmoja alinionyesha M+S kana kwamba ni cheti.

Ukiyakuta ya baridi, usiache kununua gari kama gari lenyewe ni zima. Toa tu bei ya matairi manne kwenye mazungumzo. Mimi sikujua, basi milioni ile niliilipa mara mbili.

Kutafuta matairi mapya kulinichukua muda kuliko nilivyodhani, kwa sababu kila duka lilikuwa na dini yake. La kwanza likaniambia wewe unakwenda vijijini, chukua M/T, yale yenye meno kama ya trekta. Nilishawishika, maana gari lingependeza. Lakini niliuliza madereva wa mashirika wanaokwenda kambi za wakimbizi upande wa Adjumani na Yumbe, watu wanaolala kwenye matope, nao wakanicheka. M/T yanapiga kelele kwenye lami, yanakula mafuta, na kwenye lami yenye maji hayashiki vizuri. Wao wenyewe kwenye Land Cruiser zao wengi wanatumia A/T, na wanakwenda porini karibu kila siku. Safari yangu ni karibu kilomita 500 za lami kutoka Kampala hadi Arua, kisha udongo kidogo. Mmoja wao alinipa hesabu ambayo naipitisha: chagua tairi kwa barabara unayoitembea zaidi, na kwa ile inayobaki chagua mwendo. Akiwa na maana kwamba kwenye udongo nipunguze mwendo tu.

Duka la pili liliniuzia wazo la mitumba: Michelin kutoka Ulaya, laki moja na nusu kila moja, meno yapo. Sisemi mitumba yote ni mibaya. Ila nilikuwa nimejifunza kusoma tarehe. Ubavuni, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 3514 ni wiki ya 35 ya mwaka 2014. Yale aliyonionyesha yalikuwa ya umri huo, na nilipokunja ubavu nikaona nyufa ndogo ndogo. Mpira huzeeka hata ukiwa umekaa. Tena soma upande wa pili wa tairi kama upande wa kwanza hauna tarehe, kwa sababu mara nyingi imeandikwa upande mmoja tu, na wengine wanaufunga ule uelekee ndani. Wala si mitumba pekee: duka jingine lilinitolea tairi jipya, lenye karatasi yake, ambalo lilikuwa limekaa rafuni zaidi ya miaka minne. Nikaomba la karibuni. Mwenye duka akanuna, akalitoa nyuma.

Swali la kiangazi au misimu yote nililimaliza hivi. Kwa hali yetu ya hewa, tairi la kiangazi la gari la juu, lenye mifereji mizuri ya kutoa maji, linafaa kabisa kwa mtu wa lami, na mara nyingi breki zake kwenye lami, kavu au yenye mvua, ni fupi zaidi. La misimu yote aina ya H/T, yaani la barabara kuu, huwa gumu zaidi kwenye kokoto na hudumu. Lisilofaa ni lile linalonunuliwa kwa jina. Mimi nilitazama mambo mawili kuliko jina: joto na maji.

Matairi yaliyotengenezwa kuuzwa pia Marekani yana maandishi matatu ubavuni, na huku watu wanayapita tu. TREADWEAR na namba: ikiwa kubwa, tairi linatarajiwa kudumu zaidi, ingawa kila kiwanda hujipimia chenyewe, kwa hiyo usilinganishe kampuni na kampuni kwa ukali sana. TRACTION na herufi: ni kusimama kwenye njia yenye maji, AA ikiwa juu, C chini. TEMPERATURE na herufi: ni kustahimili joto, A juu, C ndicho kiwango cha chini kinachoruhusiwa. Kwa njia yangu nilisema sinunui chochote kisicho na TEMPERATURE A. Matairi ya baridi kwa kawaida hayana maandishi hayo kabisa, na hiyo nayo ni dalili.

Namba ya uzito pia, ninyi mnaobeba mzigo. Forester yangu inatumia 225/60R17 yenye 99, maana yake kila tairi linabeba hadi kilo 775. Duka moja lilikuwa na ya namba ndogo kwa bei nzuri, likasema tofauti ni ndogo. Ukiwa peke yako na mkoba, labda. Ukiwa na marobota ya vitenge hadi darini, usikubali.

Mwisho nikachukua H/T mapya manne ya Asia, kampuni ya kati, kwa milioni moja na laki tisa. Yale ya majina makubwa yalikaribia mara mbili ya hapo. Kufunga, kubalansi na kunyoosha magurudumu ikawa karibu laki moja nyingine. Nilitaka kununua mawili tu kwanza, mengine baada ya Idd, na hapo ndipo fundi wa Subaru alinizuia. Gari hili linavuta magurudumu yote manne muda wote. Ukiweka mapya mbele na yaliyolika nyuma, mizunguko haiwi sawa, na mfumo wa kati unaogawa nguvu unafanya kazi bila kupumzika mpaka unaungua. Subaru hutaka tofauti ya mzingo kati ya matairi isizidi robo inchi, kama milimita 6. Kubadilisha mfumo ule kungegharimu kuliko matairi yote. Nikarudi kwenye chama kukopa tena. Akina mama waliniuliza maswali magumu, na walikuwa na haki.

Kuna jambo dogo ambalo hakuna aliyenieleza. Karatasi ya upepo iliyo kwenye fremu ya mlango wa dereva imeandikwa Kijapani, na namba zake ni 230 mbele, 220 nyuma. Vijana wa petroli walikuwa wanaipuuza na kuweka 40 kwa kila gari la juu, au 28 "ili iwe laini kwenye mashimo". Namba zile ni kilopaskali. Gawanya kwa 6.9: 230 inakuwa kama 33, 220 inakuwa 32 kwenye kipimo cha kituo cha petroli, ambacho ni cha PSI. Pima asubuhi kabla gari halijatembea, kwa sababu tairi likishapata moto kipimo kinapanda, na mtu akitoa upepo wakati huo anakuachia tairi lililopungua. Tairi lililopungua linajikunja zaidi, linajipasha moto lenyewe, na kwenye kiangazi cha Pakwach ndivyo matairi mengi yanavyopasuka.

Gari lilibadilika siku ileile. Usukani ukaanza kujibu. Breki za mvua ni nyingine kabisa. Kelele zimeongezeka kidogo, lakini nilizowea ule ukimya wa mpira laini, na huenda nalalamika bure.

Mzee wa pancha aliomba kuyanunua yale ya zamani, elfu hamsini kila moja. Nilijua yangeishia wapi: kwenye gari la mtu mwingine, yamepakwa dawa. Tukabishana kwa adabu. Akasema basi atayapeleka kwa washona lugabire, zile sandali za mpira wa tairi. Nikamwambia sawa, lakini ayakate kwanza mbele yangu. Akayakata, bei ikashuka hadi elfu ishirini, na mke wake akanipa chai.

Limebaki tairi la spea. Lile lililokuja na gari ni lile jembamba la muda, mwisho kilomita 80 kwa saa, na kwa gari linalovuta magurudumu yote si la kwenda nalo mbali. Kati ya Karuma na Pakwach si rahisi kupata mahali pa kutengenezea tairi, na mtandao wa simu unakatika. Natafuta rimu moja ya Forester yenye mashimo matano, saizi 17, nifunge tairi la tano la aina ileile ya haya manne kabla hayajalika sana, maana nikichelewa nalo litakuwa na mzingo tofauti. Wa Kampala wananitajia laki mbili na nusu kwa rimu tupu. Nimesema laki na sabini, bado tunavutana.